Mwani Mwekundu Usio Mwekundu

Mtu akisikia neno mwani, mara hufikiri habari za bahari, na hasa za Unguja, ambako tangu mwaka 1989 wanawake wengi wa pwani wamekuwa wakilima mwani na kuuuza. Mwani huo ni wa jamii ya mwani mwekundu. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa jamii hiyo inao ndugu wakaao katika maji baridi ya mito. Ulimwenguni zimo aina karibu 7,000 za mwani mwekundu, na katika hizo zile za maji baridi ni kama 200 tu.

Mwani huo wa mtoni hutafutwa penye maji yaendayo kasi, juu ya mawe na mizizi, mara nyingi chini ya kivuli. Ajabu ni kwamba si rahisi kuuona ukiwa mwekundu. Rangi yake nyekundu hufunikwa na rangi nyingine zilizomo ndani yake, hata ukaonekana kijani, kahawia au mweusi. Uitwao Batrachospermum una jina la Kiyunani lenye maana ya mayai ya chura, kwa kuwa una utelezi, na nyuzi zake ni mfano wa shanga zilizotungwa. Compsopogon, upatikanao sana katika nchi za joto, hauna utelezi huo. Nyuzi zake zimevikwa ganda la chembe ndogo ndogo.

Kwa hiyo jicho peke yake halitoshi. Mtafiti huchukua kipande kidogo, akakiweka katika chupa ya maji ya mto ule ule, mbali na jua, na kuandika mahali na tarehe. Kisha hutazama viungo vya uzazi kwa hadubini, na siku hizi hupima chembe za urithi pia.

Je, jambo hili lawahusu nini watu wa Migori na Homa Bay? Lawahusu sana. Mto Kuja, ushukao kutoka vilima vya Kisii, huungana na Mto Migori kisha ukaingia Ziwa Viktoria, na wengi huteka maji katika mito hiyo na ziwani. Utando wa kijani ueleao kama rangi ya kupakia nyumba katika ghuba tulivu si mwani mwekundu. Huo ni wa bakteria za kijani-buluu, kama Microcystis, na baadhi yake hutoa sumu iharibuyo ini. Yafaa ijulikane ya kuwa kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Hata katika Ziwa Simbi, karibu na Kendu Bay, ambalo ukijani wake ni chakula cha heroe, watafiti wamekuta sumu ya namna hiyo.

Basi tusihukumu maji kwa rangi tu. Penye utando wa kijani mtu asiteke maji wala asinyweshe ng'ombe, bali amwarifu bwana afya. Na kando ya mito tuihifadhi miti, maana kivuli kikiondoka na udongo ukimomonyoka, mwani wa mawe hufunikwa na tope na kutoweka. Walimu wa shule zilizo karibu na mto wangefanya vema kuwaongoza wanafunzi wao wageuze mawe na kutazama. Pale wenzao wapaonapo uchafu, wao wataona elimu.