Barabara ya Clive Sullivan



Tangu dada mmoja wa kundi letu aonyeshe picha ya kijana wangu akiwa na damu puani na kicheko mdomoni, nimepokea maswali mengi kutoka Moba na Kalemie. Huo ni mchezo gani? Kwa nini ninamruhusu? Na mimi, mama wa watoto wanne, nimeanza lini kupiga kelele uwanjani? Nitajibu yote mara moja hapa katika jarida letu. Mtanisamehe nikizidisha maneno, maana jambo lenyewe nimelipenda.

Hull ni mji wa bandari, upande wa mashariki wa Uingereza. Familia kadhaa za Kongo tulioletwa hapa tulitoka katika kambi za Zambia. Tulifika usiku, mvua inanyesha, watoto wamelala juu ya mizigo. Basi letu liliingia mjini kwa barabara kubwa inayofuata mto Humber, na pale pana kibao kilichoandikwa Clive Sullivan Way. Kwangu zilikuwa herufi tu. Ilipita karibu miaka mitatu kabla sijajua kwamba Clive Sullivan alikuwa mtu mweusi, na kwamba mji huu wa wazungu ulimpa barabara yake kwa sababu ya mpira.

Aliyeniambia ni bibi mmoja niliyekuwa nikimtunza katika nyumba ya wazee. Miguu yake haikuwa na nguvu tena, lakini kichwa chake kilikuwa daftari. Nikimwogesha asubuhi, yeye ananipa rekodi: nani alifunga ngapi, mwaka gani, mvua ilinyesha au haikunyesha. Mwanzoni nilikuwa naitikia tu, ndiyo bibi, ndiyo bibi. Kisha siku moja akaniuliza kama ninajua kwamba aliyefunga mara nyingi kuliko wote katika ekipe yake alikuwa na rangi kama yangu. Nikaacha kitambaa ndani ya beseni.

Kwanza niwaelezee mchezo. Ni raga, lakini ile ya wachezaji 13 kila upande. Mpira umechongoka kama papai. Unaubeba mkononi na kukimbia nao, na ukitaka kumpa mwenzako, sharti umrushie nyuma au pembeni, kamwe si mbele. Wapinzani wanakukamata na kukuangusha. Ukiangushwa unasimama, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, ekipe yako inaendelea. Lakini mkiangushwa mara sita mpira unakuwa wa wengine. Ukifika nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha mpira chini, hiyo ni trai, pointi 4. Zamani ilikuwa 3. Kisha mwenzenu anapiga mpira kwa mguu upite kati ya miti miwili, na akiweza mnaongezewa 2. Mengine mtayaelewa mkiona.

Raga hii ilianza kwa sababu ya mshahara, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu. Mwaka 1895 wachezaji wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa watu wa machimbo ya makaa, viwanda vya nguo na bandari. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Mtu akienda kucheza alikatwa mshahara, na mkewe nyumbani hana la kuweka chunguni. Wakubwa wa raga, ambao wengi walikuwa matajiri wa kusini, walikataa kabisa mchezaji kulipwa hata ile siku aliyoipoteza. Basi tarehe 29 Agosti 1895 viongozi wa klabu za kaskazini wakakutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, wakajitenga. Hull FC, ekipe ya yule bibi, ni kati ya zilizojitenga. Malipo waliyokubali hayakuzidi shilingi 6 kwa siku ya kazi iliyopotea. Nani kati yetu hajui hesabu ya namna hiyo?

Sasa nirudi kwa Clive. Alizaliwa Cardiff, nchi ya Wales, mwaka 1943, katika familia yenye asili ya Jamaika. Alipokuwa mtoto mkubwa alipasuliwa mara nyingi, magoti, miguu, bega, na madaktari wakaona hata kutembea kutamshinda, acha kukimbia. Akaingia jeshini bila kusema mengi juu ya miguu yake. Huko wakamchagua kucheza raga, na yeye akaogopa kwamba akikataa watagundua ugonjwa na kumfukuza. Akacheza. Akashangaa mwenyewe kwamba miguu inakimbia! Mwaka 1961 Hull FC walimjaribu katika mechi moja na jina lake likafichwa, kwa sababu alikuwa bado askari. Siku hiyo alifunga trai 3.

Alipomaliza na Hull FC alikuwa amefunga trai 250. Hakuna aliyefikia hapo katika klabu ile mpaka leo. Mwaka 1972 akawa kapiteni wa Uingereza, mtu mweusi wa kwanza kuongoza ekipe kubwa ya taifa ya nchi ile katika mchezo wowote, na mwaka huohuo wakashinda Kombe la Dunia. Fainali ilichezwa Lyon, Ufaransa, dhidi ya Australia. Clive aliuchukua mpira upande wake na kukimbia karibu uwanja mzima bila mtu kumshika. Mechi ikaisha 10 kwa 10 hata baada ya dakika za nyongeza, na Uingereza wakapewa kombe kwa sababu walikuwa wamefanya vizuri zaidi katika mechi za mwanzo.

Hapa Hull kuna ekipe mbili. Magharibi ni Hull FC, nyeusi na nyeupe, ekipe ya watu wa uvuvi. Mashariki ni Hull KR, nyekundu na nyeupe, ya watu wa bandari. Mnajua jinsi watu wa Lubumbashi wanavyogawanyika kati ya Mazembe na Lupopo? Ni hivyohivyo: mume huku, shemeji kule, na Jumapili hawasemezani. Clive alivuka akaenda Hull KR mwaka 1974 na kufunga trai nyingine 118. Mwaka 1980 ekipe hizo mbili zilikutana katika fainali ya kombe mjini London, mji mzima ukahama, na yeye alikuwa upande mwekundu ulioshinda 10 kwa 5. Baadaye akarudi Hull FC, na mwaka 1982, akiwa na miaka 39, akabeba kombe nao pia. Pande zote mbili zilimpenda. Nimeishi hapa muda wa kutosha kujua hilo si jambo dogo.

Saratani ilimchukua mwaka 1985, akiwa na miaka 42. Kijana wake Anthony naye alikuja kucheza pembeni kama baba yake, akaitwa hata katika ekipe ya taifa ya Wales.

Rekodi ya pili ambayo bibi alipenda kuitaja ni 52. Hizo ni trai za msimu mmoja tu, 1913 hadi 1914, za Jack Harrison wa Hull FC. Zaidi ya miaka mia imepita na namba hiyo haijavunjwa. Harrison alikuwa mwalimu wa shule hapahapa mjini. Vita vikaja, akawa ofisa wa jeshi, na tarehe 3 Mei 1917, huko Oppy, Ufaransa, kikosi chake kilizuiwa na bunduki ya rashasha. Akaikimbilia peke yake gizani akiwa na bastola na bomu la mkono. Mwili wake haukupatikana. Walimpa medali ya juu kabisa ya ushujaa ya nchi yao.

Mke wake aliitwa Lillian, na walikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Mama yule alimlea peke yake. Mwaka 1940 kijana huyo naye, akiwa kapiteni wa jeshi, aliuawa karibu na Dunkirk wakati Waingereza wanakimbia Ufaransa.

Nilipolisikia hilo sikupata usingizi. Sisi tuliotoka Tanganyika tunajua wamama wa aina hiyo kwa majina yao. Nikawa ninatazama ile 52 ubaoni na kujiuliza mtu anahesabu nini hasa. Klabu inahesabu trai, na ni haki yake, ndiyo kazi ya klabu. Lakini bibi hakuwahi kutaja 52 bila kumtaja Lillian. Kwake zilikuwa hadithi moja.

Basi kijana wangu alipofikisha miaka 15 akaniletea karatasi ya klabu ya mtaa nitie sahihi. Niliiweka chini ya biblia siku tisa. Hofu yangu ilikuwa kichwa. Hapa kuna wachezaji wa zamani ambao akili zao zimechoka mapema kwa sababu ya kugongwa, na wengine wamepeleka kesi mahakamani. Siku hizi sheria imeshusha mahali pa kumkamata mtu, kutoka mabegani hadi chini ya makwapa, na mtoto aliyegongwa kichwa haruhusiwi kurudi uwanjani siku hiyo. Hilo limesaidia, lakini halijaondoa hatari, na anayewaambia vinginevyo anawadanganya. Nilikwenda kumwona kocha, nikauliza maswali yangu yote kwa Kiingereza changu kibovu, naye akayajibu bila haraka. Siku ya tisa nikatia sahihi.

Kwa nini? Kwa sababu mtoto huyu alikuwa haongei shuleni. Alikuwa anarudi nyumbani na kufunga mlango. Sasa kila Jumanne anaondoka na vijana wengine, wananiita Mama wote, hata wazungu, na wanamaliza mandazi yangu.

Bibi alifariki kabla ya 2025, na kwa upande mmoja ni heri, maana mwaka huo wekundu wa mashariki walichukua vikombe vyote vitatu, baada ya miaka 40 bila kikombe kikubwa. Asingeweza kuvumilia.

Kijana ana trai 4 msimu huu. Nimenunua daftari. Ukurasa wa kushoto naandika trai, tarehe, na hali ya mvua kama bibi alivyonifundisha. Wa kulia naandika kila mahali alipoumia: pua, kidole, goti la kushoto. Kichwa, bado hakuna. Kila Jumamosi jioni ninaangalia kwanza ukurasa wa kulia.