Duka la Mtandaoni ni Mali ya Nani? Funzo la Warithi wa Msimbazi

Mzee mmoja wa Kariakoo, muuza vitambaa na mabaibui katika kichochoro kinachotokea Mtaa wa Msimbazi, alifariki dunia akiacha mjane, watoto wanne na fremu moja ya kupanga. Warithi walipokutana, kazi ilikuwa nyepesi kuliko walivyohofia. Majora yalihesabiwa. Daftari la mali kauli lilifunguliwa, na wadeni wakaitika mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kila deni lilikuwa na jina, tarehe na kiasi. Hapo tuliuona ukweli wa usemi wa wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kilichowashinda ni kitu kisichoshikika kwa mkono. Kwa miaka kadhaa, zaidi ya nusu ya mauzo ya marehemu yalipitia ukurasa wa mtandao wa kijamii, ambako wateja wa Morogoro, Tanga na Mwanza walitazama picha, wakalipa kwa simu na kupokea mizigo yao kwa mabasi. Ukurasa huo ulifunguliwa na kijana aliyeajiriwa dukani, kwa namba yake ya simu na nywila aliyoijua yeye peke yake. Mzee alipofariki, kijana akaondoka, na ukurasa ukaondoka naye. Hakuiba kitu, kwa maana hapakuwa na makubaliano yoyote yaliyosema ukurasa ni wa nani. Lakini wateja waliokusanywa kwa jina la marehemu sasa wananunua kwingine, na yatima wanauliza fungu lao li wapi.

Tulipokaa na familia hiyo, swali la mama lilikuwa moja: tukifungua duka jipya mtandaoni, tufanye nini ili liwe letu kweli? Tukaona jibu lake linawahusu wasomaji wengi, nasi tumelifuatilia.

Fremu na nyumba

Mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji kufundishwa tofauti ya kupanga na kumiliki. Anajua kilemba ni nini, na anajua kwamba mwenye nyumba akibadili nia, mteja aliyezoea mlango ule hupotea. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni fremu ya kupanga. Zipo pia kampuni za nje, kama Shopify ya Kanada, zinazokupa duka kamili kwa ada ya kila mwezi. Hiyo ni fremu nzuri, yenye taa na mlinzi, lakini bado ni fremu. Ukiacha kulipa, mlango hufungwa.

Njia ya tatu ni programu huria. Hii ni programu ambayo waandishi wake wameuweka wazi msimbo wake, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Fikra hiyo ilipata msukumo mkubwa mwaka 1983, pale Richard Stallman wa Marekani alipotangaza mradi wa GNU. Si jambo geni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliweza kuitafsiri kwa sababu msimbo wake ulikuwa huria.

Kwa mwenye duka, faida yake kubwa ni kwamba haifi na mwenyewe. Mwaka 2003 mwandishi wa programu iliyoitwa b2 alikuwa ameiacha bila huduma. Matt Mullenweg na Mike Little wakauchukua msimbo ule na kuuendeleza, na ndio chimbuko la WordPress, ambayo leo inaendesha tovuti nyingi kuliko programu nyingine yoyote ya aina yake. Fundi wako akihama mji, fundi mwingine anaweza kufungua kazi yake na kuendelea alipoishia.

Ipi kati ya hizo?

Programu huria za maduka ni nyingi, lakini nne ndizo zinazotajwa zaidi. WooCommerce, iliyotoka mwaka 2011, hupachikwa juu ya WordPress. Kwa kuwa WordPress imeenea, mafundi wake ni rahisi kupatikana hapa Dar es Salaam. OpenCart ni nyepesi, nayo imetengenezwa kwa ajili ya duka tu, hivyo humfaa mwenye bidhaa chache na seva ya bei nafuu. PrestaShop, iliyoanzia Ufaransa mwaka 2007, ina vifaa vingi vya kupanga bidhaa kwa saizi na rangi, jambo la maana kwa muuza nguo. Magento ya mwaka 2008, ambayo tangu 2018 imo mikononi mwa Adobe, ina nguvu kubwa, lakini inadai seva kubwa na fundi wa kudumu. Kumwekea muuza mabaibui Magento ni kukodi lori la tani kumi kubebea mkoba mmoja.

Hata hivyo, jina la programu lisiwe swali la kwanza. Swali la kwanza ni malipo. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mteja wetu amezoea kulipa kwa simu, na wengi hawana kadi ya benki. Kabla ya kuchagua, ziulize kampuni za malipo zinazofanya kazi nchini, kama Selcom na Pesapal, zina kiungo kilicho tayari kwa programu ipi, makato ni kiasi gani, na fedha hufika baada ya siku ngapi. Programu nzuri isiyopokea malipo ya simu ni duka lisilo na mlango.

Swali la pili ni uzito. Mteja wa Kilosa anafungua duka lako kwa simu ndogo na bando la kuhesabu. Jaribu kila programu kwa simu ya aina hiyo, si kwa kompyuta ya fundi. Swali la tatu ni matunzo. Toleo la kwanza la Magento liliacha kuhudumiwa Juni 2020, na Septemba mwaka huohuo wezi waliingia katika maduka takriban 2,000, mengi yakiwa bado na toleo hilo la zamani, wakapachika mtego wa kunasa taarifa za kadi za wateja. Programu isiyosasishwa ni kufuli lililoshika kutu.

Hapa tuseme wazi kwamba programu huria haina bei, lakini duka lina gharama. Utalipia jina la tovuti, seva, fundi na makato ya malipo, na kila mwaka utalipa tena. Asiyekuwa na uwezo wa kulipia matunzo ya mwaka mzima ni heri abaki na fremu ya kupanga kwa sasa, mradi aandikishe namba za wateja wake katika daftari lake mwenyewe.

Amana ya muuzaji

Duka la mtandaoni halibadili hukumu za biashara. Ni desturi ya mawinga wa Kariakoo kupiga picha bidhaa ya duka la mwenzao na kuitangaza kama yao. Mafundisho yetu yanakataza kuuza usichokimiliki. Njia ya halali ipo, nayo ni kuwa wakala wa mwenye mali kwa ujira unaojulikana, na mwenye shaka awaulize wanazuoni. Programu nazo husaidia: zinaweza kuhesabu bidhaa zilizopo stoo na kukataa oda zinapokwisha. Kasoro ya kitambaa nayo iandikwe chini ya picha, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hawezi kukigusa.

Majina, namba na anwani za wateja nazo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde na asizitumie kwa kazi nyingine. Kuwauzia wengine orodha ya wateja si ujanja wa mjini.

Alichoamua mama

Familia ile ilichagua WooCommerce, kwa sababu moja kubwa: ndiyo waliyoipatia mafundi watatu tofauti ndani ya mwendo wa miguu kutoka dukani. Walianza na bidhaa thelathini tu. Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la biashara ya familia, si la fundi. Fundi ana nywila yake, binti mkubwa ana yake, na kila Alhamisi nakala ya duka zima huwekwa katika diski inayokaa nyumbani. Kariakoo tunajua maana ya tahadhari hiyo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua mbele ya macho yetu, na wapo waliobaki na funguo za vibanda visivyokuwapo.

Tulipokuwa tunaaga, mama alitoa bahasha kutoka ndani ya kasha la hati. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono: jina la tovuti, mahali seva ilipo, namba ya fundi, tarehe ya kulipia, na nywila kuu. Chini yake kulikuwa na sahihi za warithi wote. Mumewe, alituambia, aliwaachia daftari la madeni lililonyooka, na yeye hataki kuwaachia wanawe pungufu ya hilo.