Kabla ya kununua kegi, anza na chupa ya soda

Umeziona zile video. Jamaa wa Marekani anafungua friji yake, anavuta mkono wa bomba, na bia aliyoipika mwenyewe inatiririka hadi glasi inajaa. Nawe hapo kwa bedsita yako una friji ndogo na mkono mzuri wa jikoni, ukawaza: hii kitu naweza. Halafu ukaangalia bei ya vifaa, ukazima simu.

Washa tena. Kuna njia ya kuanza na doo kidogo, ila haianzi na bia wala haianzi na kegi.

Tumalize ya sheria kwanza. Huyo jamaa yuko sawa kwao. Mwaka wa 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyofungua njia kwa Wamarekani kupika bia nyumbani, ya kunywa, si ya kuuza. Hapa kwetu, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile maarufu kama Sheria ya Mututho, inataka uwe na leseni hata ya kutengeneza kileo, sio kuuza tu. "Ni yangu na mabeshte" haitakutoa kituoni. Kwa hivyo bia iweke kando, weka tangawizi.

Usikunje uso. Lile pipa la chuma la lita 19 ambalo wapika bia wa Marekani wanalipenda halikuundiwa bia. Lilikuwa la kampuni za soda, la kubebea sirapu hadi mikahawani. Kampuni zilipohamia mifuko ya plastiki inayokaa ndani ya maboksi, mapipa yaliuzwa rahisi na wapika bia wakayachangamkia. Ukitia tangawizi unalirudisha kazi yake ya zamani, na ujuzi wa kusafisha, kupima presha na kuwinda uvujaji ni uleule.

Pengine tayari unatengeneza tangawizi ya hamira, unaifunga kwa chupa ya kioo na kuombea. Hamira ikila sukari hutoa vitu viwili karibu nusu kwa nusu: pombe, na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gramu 4 hivi za sukari kwa lita moja zinatosha kuongeza lita nzima ya gesi katika kila lita ya kinywaji. Tangawizi tamu ina gramu 80 au zaidi kwa lita. Sasa isahau kabatini wiki moja ya joto. Soda ya dukani hubeba karibu lita 4 za gesi kwa kila lita, na yako inaelekea mara kadhaa ya hapo. Chupa hupasuka, na vigae vya kioo havichagui uso wa nani.

Ukitia gesi kutoka kwa mtungi, hamira haihitajiki. Hakuna pombe inayochachuka ndani, na presha ni ile uliyoiweka wewe.

Vitu vya kununua ni hivi: mtungi mdogo wa kaboni dayoksaidi ya kiwango cha vyakula, regulata yenye geji, mpira wa gesi, kiungio cha kubana na kuchomoa, na kifuniko maalum kinachoingia kwenye chupa ya kawaida ya soda ya lita mbili. Chupa yenyewe unayo tayari. Iwe ya soda lakini, maana ya maji haikuundiwa presha.

Usibanie pesa kwa regulata. Gesi ndani ya mtungi huwa na presha ya zaidi ya psi 800, na wewe unataka 30. Kifaa pekee kilicho kati ya namba hizo mbili na mkono wako ni hicho. Mtungi wa mtumba sawa, mradi uangalie tarehe ya ukaguzi iliyogongwa shingoni na muuzaji gesi akubali kuujaza. Mtungi wa kuzimia moto achana nao kabisa. Una bomba la ndani linalotoa gesi ikiwa kimiminika, na regulata yako haikuundiwa hiyo.

(Gesi yenyewe, kwa taarifa yako, Kenya tunaichimba. Kampuni ya Carbacid huitoa ardhini huko Kereita, Kiambu.)

Mtungi wa kilo 2.3 ukivuja wote hutoa zaidi ya lita 1,200 za gesi. Bedsita ya mita tatu kwa tatu, madirisha yamefungwa, hiyo ni zaidi ya asilimia 5 ya hewa yote. Inatosha kukupa kizunguzungu na kukukatisha pumzi, tena gesi hii haina harufu na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, kule godoro liliko. Paka maji ya sabuni kila kiungio kama unavyofanya kwa gesi ya kupikia, na ufunge mtungi kila ukimaliza. Usilale ukiwa wazi.

Kupika ni rahisi. Kwa lita nne za maji, kwaruza robo kilo ya tangawizi, chemsha dakika 20 na gramu 350 za sukari, kamulia ndimu nne ikipoa. Chuja kwa chujio la chai, kisha kwa kitambaa, kwa sababu nyuzi ndizo huziba vifaa na kuleta povu. Ipoze kwa friji usiku kucha. Usiruke hapo: kinywaji chenye joto hakishiki gesi.

Jaza chupa robo tatu, minya hewa itoke, funga. Weka geji kwenye psi 30 kabla ya kuunganisha, kisha tikisa chupa kwa dakika moja. Chomoa kwanza, ndipo upunguze presha, la sivyo tangawizi itarudi juu ya mpira. Soda hunywa gramu 8 hivi za gesi kwa lita, kwa hivyo hata ukipoteza theluthi, mtungi huo unakupa karibu lita 200. Inywe ndani ya siku chache.

Ukiamua kuuza, kuna cheti cha afya, leseni ya kaunti, na alama ya KEBS kwa kinywaji kilichofungashwa.

Kegi itakuja friji ikishajaa chupa na wageni bado wanauliza kama imebaki. Usiinunue kwa mtu anayekuuzia lile pipa la nje ya baa, hilo ni mali ya kampuni ya bia. Ukipata ya soda iliyotumika, badilisha raba zote tano za duara, kwani hubaki na harufu ya sirapu ya zamani na ndizo huvuja kwanza. Na mpira wa kumiminia uwe mwembamba na mrefu. Bia huridhika na mita tatu. Soda, kwa presha yake, inataka kama sita, la sivyo nusu ya glasi ni povu.