Mbele ya kukata pori, pima mteremko kwenye karte

Wanamemba wa koperative, musimu wa kufungua mashamba ukikaribia, musiangalie tu pori lenye miti minene. Angalieni mteremko pia. Huku kwetu Ubundu mvua ni nyingi. Shamba likikaa wazi kwenye mteremko mkali, maji yanabeba udongo mweusi wa juu, ule unaolisha mpunga, na kuutupa mtoni.

Kwenye karte mutafute vitu viwili. Cha kwanza ni kipimo chake. Ikiandikwa 1/50 000, santimetre 1 ya karte ni metre 500 za kweli. Cha pili ni ile mistari inayopindapinda, mistari ya kimo. Kila mstari unapita mahali penye kimo kimoja. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ni mdogo.

Tuseme shamba linaanza kwenye mstari wa metre 500, linaishia kwenye ule wa metre 460. Tofauti ni metre 40. Rula inaonyesha milimetre 8 kati yao, ni kusema santimetre 0,8. Basi 0,8 × 500 = metre 400. Gawa 40 kwa 400, zidisha mara 100: asilimia 10.

Asilimia 10 ni nyingi? Kati ya Ubundu na Kisangani, Lualaba inashuka karibu metre 60 katika kilometre 100 na zaidi. Hiyo tu inafanya maporomoko saba ya Boyoma, na ni juu yake walijenga reli. Shamba la asilimia 10 linashuka metre 60 hizo katika metre 600.

Angalisho: fotokopi iliyopunguzwa au kukuzwa inaharibu hesabu ya 1/50 000. Hapo tumieni ule mstari wa kilometre uliochorwa chini ya karte, juu nao unabadilika pamoja na karte.

Karte haioneshi vibonde vidogo, kwa hiyo mufike pia kwenye shamba lenyewe. Mteremko ukiwa mkali, pandeni mistari ya kukata mteremko, si ya kushuka nao. Magogo muyalaze vilevile, na muache pori kandokando ya kijito. Pale panapozidi ukali, muachie miti. Mpunga muutafutie mahali pengine.