Mchu, Mkoko na Mlilana: Jinsi Miti ya Pwani Ivutavyo Hewa

Mtoto wa Msasani akiulizwa ni miti gani iotayo katika tope la bahari, hujibu, "Mikoko," na neno limekwisha. Jibu si kosa, maana jina hilo limekuwa la jamii nzima. Lakini Kiswahili cha pwani kina mkoko, mchu, mlilana, msinzi, mkandaa na mkomafi, na kila jina ni la mti wenye desturi yake. Twaandika haya kwa kuwa shule nyingi siku hizi huwapeleka watoto kupanda miti hii, na mwalimu asiyepambanua majina aweza kupanda miche mia asipate mti mmoja.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Katika ghuba ya Msasani, na kaskazini yake hata hori la Kunduchi, maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya meta 3. Tope la humo ukilifukua ni jeusi, lanuka kama yai viza, kwa sababu hewa haipenyi ndani. Mwembe ukipandwa hapo mizizi yake hufa kwa kukosa pumzi, hata kabla ya kudhuriwa na chumvi.

Basi miti hii imetoa mizizi yake nje. Mchu husimamisha vijiti vyembamba kama kalamu za risasi, navyo huchomoza topeni pande zote. Vya mlilana ni vinene, vimechongoka. Msinzi hukunja mizizi yake kama magoti. Mkoko husimama juu ya miguu mingi iliyopindika. Katika mizizi ya mkoko na mchu mna vitundu vidogo. Maji yakijaa huifunika mizizi, na hewa iliyo ndani hutumika. Yakipwa, hewa mpya huingia kwa vitundu hivyo. Mwaka 1955 mtaalamu Scholander na wenzake walitangaza jaribio lao: walivipaka vitundu vya mkoko mafuta mazito, na oksijeni katika mizizi iliyozama topeni ikapungua sana. Kwa hiyo mtu amwagaye kifusi juu ya vijiti vya mchu, ingawa hakugusa shina, ameuziba mti pua.

Habari ya chumvi ni nyingine. Wengi hufundisha kwamba mkoko "hunywa chumvi." Tungependa usemi huo uachwe. Kila kilo ya maji ya bahari ina chumvi kadiri ya gramu 35, na mizizi ya mkoko huichuja karibu yote, ikapitisha maji. Mchu nao huchuja, ila hupitisha kidogo, kisha huitoa kwa majani. Mwalimu na awaambie watoto walambe jani la mchu wakati wa kiangazi, hawatasahau somo.

Sasa juu ya kupanda. Mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, ikawa ndefu kama fimbo. Ni rahisi kuiokota na kuichomeka topeni, nayo ndiyo sababu watu huipenda kuliko nyingine. Lakini ukingo wa mbele, unaokaa majini muda mrefu, kwa kawaida ni wa mlilana. Mkoko hufuata nyuma yake, na mkandaa hukaa juu zaidi, karibu na nchi kavu. Mchu peke yake huvumilia pengi, mbele na nyuma. Huko Ufilipino walichomeka mikoko mbele, mahali pa mlilana na mchu, na miche mingi mno ikafa.

Kabla ya kupanda, mwalimu na aende maji yakiwa yamepwa, atafute mti uliojiotea wenyewe mahali palipo sawa kwa kimo na shamba lake, na amwombe mzee mvuvi amtajie jina lake.