Baiskeli ya Mbio ya Mtumba: Kibandiko cha Kike Kina Thamani Gani?

"Dada, hii ndiyo yako, ya kike kabisa." Mwanamke anayeulizia baiskeli ya mbio ya mtumba, awe Nairobi au Dar es Salaam, ajiandae kuyasikia maneno hayo. Mkono wa muuzaji utaelekea kwenye ile ya zambarau au ya waridi, na bei itatajwa kama vile rangi nayo ilipimwa mwilini mwake. Pembeni imeegemea nyeusi ya kampuni ileile, isiyo na maandishi ya jinsia yoyote. Achukue ipi?

Kwanza tuelewane. Hatuzungumzii baiskeli ya kike ya mitaani, ile ambayo bomba la juu limeshushwa ili mwenye gauni au kanga apande bila taabu. Baiskeli ya mbio ya kike ina bomba la juu kama nyingine zote, usukani uliopinda kuelekea chini na matairi membamba. Ukifuta maandishi yake, hata fundi mzoefu atahitaji futi kabla hajakwambia ilikusudiwa nani. Tofauti iko kwenye milimita za fremu na kwenye vifaa vilivyofungwa juu yake, na vifaa hivyo vingi hufunguliwa kwa alenki.

Fremu hizi zina historia, na historia hiyo inagusa mfuko wako. Mwaka 1985 mhandisi Mmarekani Georgena Terry alianzisha kampuni yake huko Rochester, New York, akiwatengenezea wanawake baiskeli zinazolingana na miili yao. Alijulikana kwa kuweka gurudumu dogo la inchi 24 mbele na la kawaida nyuma. Kampuni kubwa zikafuata. Trek ikabandika herufi WSD kwenye fremu zake za kike, Specialized ikatoa Dolce, Ruby na Amira, na mwaka 2008 Giant ikaanzisha Liv, chapa nzima ya wanawake. Hoja iliyouza baiskeli hizo ilikuwa kwamba mwanamke ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kuliko mwanamume wa kimo chake.

Hoja hiyo haikudumu. Specialized ilikuwa na hazina kubwa ya vipimo vya waendeshaji iliyokusanywa kwa mfumo wa Retül, na ilipovichambua ikaona kwamba wanawake wanatofautiana zaidi wao kwa wao kuliko wanavyotofautiana na wanaume. Mwaka 2019 Ruby ikaachwa na Roubaix, mwenzake isiyo ya kike, ikawa ya wote, yenye saizi ndogo zaidi. Liv yenyewe imeendelea na fremu za kike hadi leo. Lakini Demi Vollering aliposhinda Tour de France Femmes mwaka 2023, alikuwa juu ya Specialized Tarmac, fremu ileile wanayouziwa wanaume.

Kwa mnunuzi wa mtumba maana yake ni hii: ukiondoa Liv, kibandiko cha kike mara nyingi ni dalili ya umri. Fremu nyingi za kike zinazozunguka sokoni ni za kabla ya 2019, na nyingi kati ya hizo zina breki za kubana rimu na gia nane, tisa au kumi nyuma. Ya jinsia zote yenye saizi ndogo inaweza kuwa mpya zaidi, yenye breki za diski na nafasi ya tairi pana. Unapolinganisha bei za hizo mbili, huenda unalinganisha miaka kumi ya teknolojia ukidhani unalinganisha mwanamke na mwanamume. Mimi sioni ubaya wa breki za rimu kwa baiskeli ya mtumba. Mpira wake ni rahisi kupatikana, na fundi yeyote wa mtaani anaujua. Diski za mafuta zinataka vifaa ambavyo mafundi wengi wa mtaani hawana.

Sasa tuingie kwenye gharama, maana hapa ndipo watu hupotelea. Tuchukue mwanamke wa sentimita 160 mbele ya baiskeli mbili: Dolce ya kike ya saizi 48 na Allez isiyo ya kike ya saizi 52, zote za alumini, zote za Specialized. Allez ni nafuu kidogo na ina gia bora. Lakini huenda imekuja na usukani wa upana wa sentimita 42, shingo ya usukani ya milimita 100, na siti nyembamba iliyochaguliwa kwa nyonga za mwanamume. Yeye huenda anahitaji usukani wa 38, shingo ya 80 na siti ya milimita 155.

Katika maduka ya Ulaya na Marekani, siti ya kawaida ni kama dola 30 hadi 80, usukani wa alumini dola 25 hadi 50, shingo dola 20 hadi 40, na utepe wa kuuzungushia usukani dola 10 hadi 20, kwa sababu ule wa zamani ukishavuliwa hauvutii kurudishwa. Jumla ni dola 85 hadi 190 kabla ya fundi kunyoosha mkono, na kabla ya nauli ya kuvileta vifaa visivyopatikana hapa. Ukitaka na krenki fupi za milimita 165, ongeza nyingine 60 hadi 150. Allez iliyokuwa nafuu kwa dola 70 imeshakuwa ghali.

Hesabu hiyo inageuka pia. Si kila mwanamke anahitaji usukani mwembamba wala siti pana. Siti huchaguliwa kwa upana wa mifupa miwili ya makalio, ambao huupati kwa kutazama mtu kwa nje. Kalia kipande cha kartoni laini juu ya ngazi ngumu, inama mbele kidogo, kisha pima umbali kati ya mashimo mawili yaliyobaki. Wapo wanaume wanaohitaji 155 na wanawake wanaostareheka kwenye 143. Na breki zisikutishe kwa kuwa mbali na vidole: vishikio vingi vya Shimano vya miaka ya karibuni vina skrubu ndogo ya kuvisogeza karibu. Hiyo ni bure.

Fremu ndiyo isiyobadilika kwa pesa. Namba ya saizi haitoshi, kwa kuwa 52 ya kampuni moja si 52 ya nyingine, na baadhi ya kampuni zilikuwa na mpangilio tofauti wa namba kwa baiskeli za kike. Pima mwenyewe. Sukuma gurudumu la nyuma ligote ukutani, baiskeli ikiwa wima. Pima kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli ya krenki, kisha kutoka ukutani hadi katikati ya mdomo wa juu wa bomba la mbele, pale shingo inapoingia. Toa ya kwanza kwenye ya pili: huo ndio mfiko wa fremu. Fanya vivyo hivyo kutoka sakafuni, utapata kimo chake.

Fremu nyingi ndogo zina mfiko wa milimita 355 hadi 370, na za saizi ya 54 hukaribia 380 hadi 390. Shingo fupi inaweza kukurudishia milimita 20 au 30. Ukizidisha hapo usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, hasa kwenye mteremko. Muuzaji akikwambia "utazoea tu, dada", mshukuru na uendelee kupima. Fremu ndefu haizoeleki. Inakaa shingoni na viganjani mwako kila baada ya saa moja ya safari.

Kuna mtego mmoja uliojificha kwenye baadhi ya fremu ndogo za kike za zamani, nao ni magurudumu. Fremu ikiwa fupi sana, ncha ya kiatu hugusa tairi la mbele unapokata kona polepole. Watengenezaji wengine waliliepuka hilo kwa kuweka magurudumu ya 650c, madogo kuliko yale ya kawaida ya 700c. Baiskeli huwa nzuri kweli kwa mtu wa chini ya sentimita 155. Tatizo ni tairi. Soma ubavuni mwake: ikiandikwa 622 ni ya kawaida na utaipata, ikiandikwa 571 ni 650c, na huenda ukalazimika kuiagiza nje kila inapokwisha. Usidhani utabadilisha magurudumu, kwani breki za rimu hazitafika mahali pake. Hiyo ningeikataa kwa bei yoyote, isipokuwa muuzaji aiuze pamoja na matairi ya akiba na uwe na ndugu Ulaya wa kukuletea mengine.

Mengine yanahusu kila baiskeli ya mtumba, ya kike au isiyo ya kike. Pima mnyororo kwa rula: vipande 12 kamili vya mnyororo mpya ni karibu milimita 305. Vikifika 306 na nusu, mnyororo umekwisha. Vikifika 308, meno ya nyuma nayo huenda yameliwa, na hilo ni la kupunguziwa bei. Legeza nguzo ya siti uone kama inapanda na kushuka. Ikiwa imegandia ndani ya fremu, vipimo vyote ulivyochukua havina kazi. Kama fremu ni ya kaboni, ikague kwenye jua, maana kwenye kontena baiskeli hulaliana na ufa wa kaboni hauchomelewi kwa welding ya mtaani.

Kwenye kupatana bei, kumbuka wanunuzi wa fremu ya kike ni wachache, kwa sababu wanaume wengi hawaigusi. Muuzaji anajua hivyo hata asipokiri. Ndiyo maana ningemshauri kaka yeyote wa sentimita 165 aitazame Ruby ya kaboni kabla ya kulipia zaidi fremu dhaifu yenye rangi anayoipenda. Atabadilisha siti, pengine na usukani, na hakuna barabarani atakayemuuliza.

Mimi ningechagua hivi. Chini ya sentimita 163, fremu ya kike ya zamani yenye magurudumu ya 700c na vifaa vyake vya asili ndiyo inayookoa pesa nyingi zaidi. Kati ya hapo na 172, kibandiko hakina uzito: angalia mfiko, kisha gia. Angalia hasa kama ile ya kike imepewa Claris au Sora, gia za Shimano za ngazi ya chini, wakati ya pembeni yake ya bei ileile ina Tiagra au 105 za ngazi ya juu zaidi. Zaidi ya hapo saizi za kike ni adimu na kuzisaka ni kujichosha.

Na vifaa utakavyovivua kwenye fremu ya kike usiviuze kando. Siti pana, shingo fupi na usukani mwembamba vitie kwenye mfuko mmoja na uviweke, kwa kuwa atakayekuja kuinunua kwako huenda akawa mfupi kuliko wewe, naye atalipa zaidi akivikuta.