Paneli Moja, Ukuta Mzima: Namna ya Kusoma Mchoro wa Ghala Uliochorwa kwa Kompyuta



Siku hizi chama cha msingi kinapotaka kujenga ghala, huletewa mchoro uliotengenezwa kwa kompyuta, wenye rangi, unaoonyesha jengo kutoka pande zote kana kwamba limekwisha kusimama. Wajumbe huutazama, hupendezwa nao, na hupiga makofi. Makala hii inakusudia kueleza mambo yanayofanyika nyuma ya mchoro huo, hasa katika ukuta wenye paneli zinazojirudia, kwa sababu hapo ndipo fedha za wanachama zinapoweza kupotea pasipo mtu yeyote kuiba.

Paneli ni nini? Ni kipande cha ukuta kilicho baina ya nguzo mbili. Jengo kubwa halibuniwi tofali kwa tofali. Hubuniwa kipande kimoja kwa makini, kisha kipande hicho hurudiwa. Jambo hili si geni. Jumba la vioo lililojengwa London mwaka 1851 kwa mpango wa Joseph Paxton lilisimamishwa kwa haraka kwa kuwa vipande vyake vilikuwa vya vipimo vilivyofanana. Hapa kwetu, soko la Kariakoo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970 lina paa la miavuli ya zege inayojirudia. Na sisi wa Songwe tunaipita kila siku reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ambayo taruma moja limerudiwa toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Programu za usanifu wa majengo, kama vile Revit, ArchiCAD na SketchUp, hufuata kanuni hiyo hiyo. Mchoraji hutengeneza kwanza kielelezo cha paneli: upana wake, kimo chake, mahali pa matofali ya matundu ya kupitishia hewa, na nguzo yake. Kisha huugawa ukuta katika nafasi zilizo sawa, na katika kila nafasi huweka nakala ya kielelezo kile. Nakala hizo hazijitegemei. Zote humtazama mama yao. Mchoraji akibadili kielelezo, nakala zote hubadilika papo hapo, ziwe kumi au elfu. Mwishowe programu huweza kutoa jedwali la idadi ya kila kitu kilichomo katika jengo, na jedwali hilo ndilo linalotumiwa kuandaa makadirio ya gharama.

Tutoe mfano. Ghala lina urefu wa mita 24 na upana wa mita 12, na nguzo zimepangwa kila baada ya mita 3. Kila ukuta mrefu una nafasi 8, na kila ukuta mfupi una nafasi 4. Jumla ni nafasi 24. Nafasi 2 ni za milango, hivyo zinabaki paneli 22 za ukuta. Ikiwa nguzo ina upana wa sentimita 30, baina ya nguzo na nguzo hubaki mita 2.7. Tofali la matundu, pamoja na saruji ya kuungia, likichukua sentimita 30, mstari mmoja utahitaji matofali 9. Mistari miwili ni matofali 18 kwa paneli, nayo paneli 22 zitahitaji matofali 396. Kamati ikiamua kwamba mstari mmoja watosha, mchoraji hurekebisha kielelezo kimoja tu, na jedwali hushuka lenyewe hadi matofali 198. Huu ndio uzuri wa kazi hii.

Lakini chombo kinachorudia jema hurudia pia kosa. Paneli ikikosewa mara moja, kosa hilo limekwisha kuenea katika ukuta mzima.

Nilikuwa katika ziara ya ukaguzi huku Mbangala, na chama kimoja kikaniomba nitazame makadirio ya ghala la vipimo hivyo kabla hayajapelekwa katika Mkutano Mkuu. Mchoro ulikuwa mzuri, na hesabu za kujumlisha zilikuwa sahihi. Ila katika jedwali paliandikwa nguzo 48. Mchoraji, kijana mwenye adabu, alisema kompyuta haikosei kuhesabu. Hakuna aliyekuwa na jibu. Ndipo mzee mmoja, mkulima wa ufuta, alipoomba ruhusa ya kutoka nje. Akaokota vijiti, akavichomeka mchangani kuzunguka umbo la ghala, kisha akaita, "Ndugu Mkaguzi, njoo uhesabu." Vilikuwa vijiti 24.

Kompyuta kweli haikukosea kuhesabu. Ilihesabu kile ilichopewa. Kijana yule alichora paneli yenye nguzo mbili, moja kushoto na moja kulia. Alipoirudia, nguzo ya kulia ya paneli ya kwanza iliangukia mahali pale pale pa nguzo ya kushoto ya paneli ya pili. Macho huona nguzo moja, kwa kuwa zimelaliana kabisa. Jedwali halina macho, nalo huandika mbili. Paneli 24 mara nguzo 2 ni nguzo 48. Nusu yake haikuwapo duniani, lakini saruji, kokoto na nondo zake zilikuwamo katika makadirio, na wanachama wangezilipia kwa magunia yao. Baadhi ya programu, Revit ikiwa mojawapo, hutoa onyo vitu viwili vya aina moja vinapokaa mahali pamoja. Lakini onyo laweza kufungwa kwa kidole kimoja na kazi ikaendelea.

Dawa yake ni nyepesi. Paneli ichorwe na nguzo moja tu, tuseme ya kushoto. Jengo likizungukwa lote, nguzo ya kushoto ya paneli ya kwanza ndiyo itakayoifunga paneli ya mwisho. Kwa hiyo, katika jengo lililofungwa pande zote, idadi ya nguzo za nje ni sawa na idadi ya nafasi. Ukuta ulionyooka usiozunguka, kama ukuta wa uzio, huhitaji nguzo moja zaidi: nafasi 8, nguzo 9. Tena, asitokee mtu akahesabu kila ukuta wa ghala peke yake, 9 na 9 na 5 na 5, akapata 28. Huyo atakuwa amezihesabu nguzo nne za pembeni mara mbili.

Yatupasa pia kukumbuka kwamba paneli ya ghala si pambo. Mahindi hutakiwa kuhifadhiwa yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na ghala lisilopitisha hewa huharibu kazi yote ya kuyakausha. Kwa hiyo matundu ya hewa yawekwe wavu wa kuzuia panya na ndege, na yaweze kuzibwa wakati wa kufukiza dawa. Mambo hayo yasipokuwamo katika kielelezo, hayatakuwamo katika paneli hata moja.

Kabla ya kupeleka makadirio mbele ya wanachama, Katibu na Bodi wafanye haya:

1. Wadai mchoro wa paneli moja peke yake, wenye vipimo vyote.
2. Wagawe mzunguko wa jengo kwa upana wa nafasi moja. Katika mfano wetu, mita 72 kwa mita 3 ni 24.
3. Walinganishe jibu hilo na idadi ya paneli na nguzo katika jedwali.
4. Wamwulize mchoraji kama programu ilitoa maonyo, na aliyashughulikia vipi.
5. Waandike majibu yote katika kumbukumbu za kikao.

Kazi hii haihitaji kompyuta wala shahada. Yule kijana alirekebisha kielelezo chake siku ile ile, na jedwali likarudi kwenye nguzo 24. Chama kilikwenda katika Mkutano Mkuu na hesabu ambayo kila mwanachama aliweza kuithibitisha kwa vijiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari lenyewe halina budi kuhesabiwa, hata likiwa limeandikwa na mashine.

Mkaguzi wa Ushirika